Nishani ya Kuku wa Ketini

Mtu akitoka safarini huulizwa amekula nini na ameleta nini. Mimi nilitoka Ketini na hasira, na zawadi nyingine sikuleta. Nitasimulia niliyoyaona kwa utulivu kadiri nitakavyoweza. Msomaji akinisikia nimepandisha sauti mahali fulani anisamehe, kwani angekuwapo yeye angepiga kelele kunishinda.

Ketini ni nchi ya watu wapole, wasafi, wanaosalimiana mpaka mgeni anachoka kuitikia. Ina mto mmoja mkubwa, Mwambisi, unaoshuka kutoka milimani na kukata mji mkuu vipande viwili. Juu, penye upepo, limejengwa Jumba la Viti. Chini, penye tope, uko mtaa wa Bondeni. Watu wa Jumbani hula mihogo ya Bondeni na kuvaa nguo zilizofuliwa Bondeni, lakini hawakai Bondeni, kwa sababu Mwambisi hufurika. Madirisha yote ya Jumba yameelekezwa ndani, uani, ili kila aliyemo aweze kuona viti vya wenzake. Mto hauonekani kutoka humo hata kidogo.

Juu ya mlango mkubwa wamechonga maneno haya: Asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu hiyo ni methali, tunamwambia mtu aliyechelewa shughulini akakuta masufuria yameshaoshwa. Huko Ketini ndiyo sheria ya kwanza ya nchi, na sheria nyingine zote zimezaliwa nayo.

Sheria yenyewe ni hivi. Kila mwajiriwa wa nchi, kuanzia waziri hadi mfagizi, ana kiti chake Jumbani chenye jina lake. Kazi yake haipimwi kwa kilichofanyika. Hupimwa kwa joto la kiti. Asubuhi na alasiri hupita maofisa waitwao Wapima Joto, wamevaa kanzu nyeupe, wakitembea polepole kama watu walio msikitini. Mwenye kiti huinuka, huinamisha kichwa, na Mpima Joto huweka kiganja pale alipokuwa amekalia. Hufumba macho. Kisha hutamka neno moja kati ya mawili: "Yupo", au "Hayupo". Anayetamkiwa "Yupo" kwa miaka mingi hupandishwa cheo, na akistaafu hupewa kile kiti aende nacho nyumbani.

Mwenyeji wangu mjini alikuwa Mpima Joto wa daraja la pili, Bwana Shebe, mtu mwema kabisa. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, maana sheria inamkataza kushika jembe, birika, au hata mkono wa mtu. Alinisalimu kwa kiwiko. Mkewe ndiye aliyemlisha.

"Lakini Bwana Shebe," nikamwambia tulipokuwa tukila, "mtu si anaweza kukaa kutwa nzima asifanye kitu?"

"Anaweza," akasema, akingoja tonge. "Ila atakuwa amekaa."

"Na mwingine akafanya kazi ya watu watatu, ila mbali na kiti?"

Akanitazama kwa huruma. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mgeni wangu."

Methali hiyo nilikuja kuisikia Ketini mara nyingi mpaka nikaichukia, nayo masikini haina kosa.

Watu wakipimwa kwa joto, hutafuta joto. Niliona mabwana wenye suruali za bitana tatu katikati ya kiangazi. Niliona vyetezo vya makaa vimefichwa chini ya viti, na mzee mmoja wa Idara ya Barabara aliyekamatwa amekalia mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Walinisimulia pia, tena kwa fahari, habari ya karani wa Idara ya Chumvi aliyekufa amekaa, msimu wa jua kali. Kiti chake kikaendelea kuwa na joto. Akapandishwa cheo, kisha akapandishwa tena, na sifa yake kuu ikasemwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Harufu ndiyo iliyomstaafisha.

Nikauliza kama nchi haijawahi kujaribu njia nyingine. Kumbe imejaribu. Miaka ya nyuma paa la Jumba liliporomoka, na likachukua muda mrefu kujengwa upya. Watu wakaambiwa wafanye kazi popote walipo. Mwenye kukagua barabara akakaa barabarani, mwenye kuhudumia mashamba akakaa mashambani, na mwenye mgonjwa nyumbani akafanya kazi yake huku anamgeuza mgonjwa ubavu. Barabara zikatengemaa. Chumvi ikafika sokoni kwa wakati. Bwana Shebe mwenyewe alikiri kwamba miaka ile nchi ilikwenda vizuri.

"Sasa kwa nini mkarudi?"

"Paa lilikwisha," akasema.

Hata hivyo walibaki wachache ambao kazi zao haziwezi kufanyika Jumbani kwa vyovyote. Hao wakaruhusiwa kukaa mbali, kwa sharti moja: viti vyao visipoe. Wenye uwezo wakaajiri watu wa kuwakalia. Wasio na uwezo wakabuni jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipoliona kwa macho yangu. Waliweka kuku. Kuku anayeatamia hukaa kutwa kucha, hagombani na mtu, na joto lake halina kifani. Nilipoingia Jumbani mara ya kwanza niliona, kati ya mabwana wa bitana tatu, kuku kadhaa wametulia vitini juu ya mayai yao, na Bwana Shebe akipita, akiingiza kiganja kwa adabu chini ya mabawa, akifumba macho na kusema, "Yupo."

Nilicheka siku ile. Najuta kicheko kile, maana sikujua bado kinamcheka nani.

Nilitaka kuuona mto, nikaelekezwa kwa Mlinzi wa Mwambisi. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Sikudhani, anayekaa katika nyumba ya serikali juu ya genge, pale korongo linapofunguka na maji kuonekana yakitoka mlimani. Kazi yake ni moja. Anaitazama nguzo iliyosimamishwa majini, iliyopakwa rangi nyeupe chini na nyekundu juu. Maji yakifika kwenye nyekundu, anapuliza baragumu la pembe ya tandala. Korongo huibeba sauti mpaka mjini, na watu wa Bondeni hubeba watoto wao na kukimbilia mwinuko. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu mwaka wa paa. Jumbani hakuna aliyeijua sura yake.

"Karibu, kaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinipokea, na papo hapo akanipa kinu nitwange, ili yeye asiyaondoe macho mtoni. Nikampenda kwa hilo.

Ndani alikuwapo mama yake, Bi. Kazija, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia miaka mingi. Alilala kitandani kando ya dirisha, na binti yake alipokwenda kuchota maji ya kunywa, yeye ndiye aliyeitazama nguzo.

"Tuko walinzi wawili hapa," Bi. Kazija akaniambia. "Na kuku wa tatu, yule mwenye cheo."

Wote wawili wakacheka. Sikudhani akanieleza kwamba kiti chake Jumbani kinakaliwa na kuku wake mweusi mwenye kishungi. Kila kuku mmoja akikaribia kuangua, jirani humpelekea mwingine aliyeanza kuatamia. "Huyu wa sasa mayai yake yameiva, siku yoyote ataangua. Wiki hii inabidi nimtafutie wa kumpokea zamu."

"Hukasiriki?" nikamwuliza.

"Nilikasirika mwanzoni. Niliwaandalia chakula siku walipoahidi kuja kuniona. Nikapika, nikafagia mpaka njia ya chini kule. Hawakuja. Wakasema hakuna ambaye angeweza kuacha kiti." Akatazama maji. "Si kwamba nataka kupigiwa ngoma, kaka. Nataka tu siku moja mtu aseme, Sikudhani yuko. Basi."

Nilikuwapo mto ulipopanda. Ilikuwa alasiri, na mjini hata tone halikuwa limenyesha. Mvua ilikuwa imeanguka mbali huko milimani. Bi. Kazija ndiye aliyeanza kusema, "Mwanangu, maji yamebadilika rangi," na tulipotoka nje povu la kahawia lilikuwa limeshaumeza weupe wa nguzo. Sikudhani akachukua baragumu. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Maji yalikuja juu upesi kuliko nilivyodhani maji yanaweza kuja, yakaanza kulamba mguu wa genge, na sehemu ya jiko ikakatika ikaenda. Nikambeba Bi. Kazija mgongoni nikapanda naye mwambani. Kutoka pale nilimwona binti yake amesimama palepale, midomo imepasuka, damu inatiririka kidevuni, anapuliza. Hakuacha mpaka alipoona, mbali kule chini, mwinuko umejaa watu.

Bondeni ilifunikwa. Vyungu, mbuzi, magodoro, vibanda, vyote vilikwenda. Hakuzama hata mtu mmoja.

Siku chache baadaye Bwana Shebe akaja hadi nusu ya njia, akatuma salamu kwamba hawezi kupanda zaidi kwa sababu ya viganja vyake, nasi tukashuka kumsikiliza. Alikuwa na furaha tele. Jumba lilikuwa limeamua kutoa Nishani ya Joto, ambayo haikuwa imetolewa tangu zamani, kwa yule aliyeiokoa Bondeni.

Sikudhani alishika kifua. Nililiona tabasamu lile, na sitaki kulisahau, maana lilidumu muda mfupi sana.

"Ni kuku wako," Bwana Shebe akasema. "Hongera sana, bibi."

Ilikuwa hivi. Sauti ya baragumu ilipoingia Jumbani, kuku mweusi alishtuka, akaruka juu ya kiti, akatanda mabawa, akalia kwa nguvu mpaka Jumba zima likainuka. Kisha akarudi kwenye mayai yake. Wote waliokuwamo walimwona. Wapima Joto wakapita palepale, kiti kikakutwa cha moto kupita vyote. Yaliyobaki yalikuwa ya sherehe tu.

"Na lile baragumu, nani alilipuliza?" nikauliza.

"Sauti tuliisikia," akasema Bwana Shebe. "Kuku tulimwona."

Kisha akatoa lililobaki, akitazama chini, maana alikuwa mtu mwema. Mwenye Nishani hupewa cheo kilichohusika na nyumba ya cheo hicho. Kuku sasa ndiye Mlinzi wa Mwambisi. Kwa kuwa yeye anakaa Jumbani, nyumba ya gengeni itafungwa kwa heshima yake, na waliomo watoke. Sikudhani alimtazama mama yake kule juu dirishani, ambaye hangeweza kutembea hata kufika pale tuliposimama.

Mimi ndiye niliyesema tuende Jumbani. Niliamini bado kwamba watu wakielezwa wataelewa. Sikudhani akamwachia mama yake nguzo, na jirani mmoja mchunga mbuzi akakubali kukaa karibu apulize filimbi ikibidi, nasi tukashuka. Baragumu alilitundika begani chini ya kanga.

Jumba lilikuwa limejaa. Mkuu wa Viti, Mheshimiwa Mwinyikuu, alikuwa amekaa juu ya kiti cha manyoya, na mbele yake, juu ya meza yenye kitambaa chekundu, kimewekwa kiti cha Sikudhani na kuku akiwa juu yake. Watu wa Bondeni walikuwa wameruhusiwa kusimama mlangoni, wamebaki na tope magotini. Sikudhani akatangulia mbele.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ndiye mwenye kiti hicho. Mimi ndiye niliyepuliza. Nishani mpeni mnayemtaka, lakini nyumba msinitoe. Nikitoka pale hakuna wa kuutazama mto."

Mheshimiwa Mwinyikuu alikuwa na sauti nzuri ya upole. "Wewe ni nani?"

"Sikudhani."

Akageukia Wapima Joto. "Yuko?"

Wakatazama kiti. "Yuko kuku, Mheshimiwa."

Basi ukafunguliwa mjadala, na ninaapa sikuongeza chumvi hata punje. Mwanasheria mmoja akasema kwamba mwanamke yule huenda akawa mkweli, lakini ukweli wa mbali ni kama moto wa mbali, hauivishi kitu. Wa pili akasema kuwa tangu mwaka wa paa wapo watu wanaodai wanafanya kazi mahali pasipoonekana, na kama kweli wanafanya kwa nini hawaonekani? Wa tatu, kijana msomi aliyesemwa kuwa mtetezi wa walio mbali, akapendekeza wachukuliwe kwa huruma, watengewe siku yao kila mwaka ya kutajwa kwa jumla, bila majina. Akapigiwa makofi. Nilitafuta mahali pa kutemea mate, nikakosa, sakafu ilikuwa safi mno.

Nikajitokeza. "Mimi ni shahidi. Nilimwona kwa macho yangu akipuliza."

"Ulikuwa umekaa?" Mheshimiwa akauliza.

"Nilikuwa nimembeba mama yake mgongoni."

"Kwa hiyo hukuwa umekaa."

"Maji yalikuwa yanatuchukua!"

"Asiyekaa hayupo," akasema kwa upole uleule. "Nasi hatuwezi kupokea ushahidi wa mtu ambaye hakuwapo."

Hapo mlangoni pakatoka sauti ya mwanamke. Alikuwa Mwanakombo, muuza mihogo ya kuchoma wa Bondeni, mwili mkubwa, kanga yake bado ina rangi ya matope. "Jamani, nyie mmesomea wapi? Mimi nimelikimbia hilo baragumu miaka yote hii. Mjukuu wangu yu hai kwa sababu yake. Kuku akilia mimi hukimbia? Kuku akilia mimi hutafuta yai!"

Watu wa Bondeni wakacheka. Jumbani hawakucheka. Mwanakombo akaulizwa kiti chake kiko wapi, naye akasema hana, huchoma mihogo amechuchumaa. Wakamshukuru.

Ndipo Mheshimiwa Mwinyikuu akasema neno ambalo, kwa mtu asiyefikiri, lingeonekana la haki. "Sisi si watu wabaya. Bibi huyu anasema yeye ndiye hupuliza. Baragumu analo begani. Basi apulize hapa, mbele yetu, tumwone. Tukimwona, kiti ni chake, nyumba ni yake, Nishani ni yake."

Moyo wangu ukaruka. Yamekwisha, nikajisemea, tumeshinda! Sikudhani akalishusha baragumu begani. Akaligusisha mdomoni, pale palipokuwa bado na kovu. Kisha akalishusha.

"Siwezi," akasema.

"Hawezi!" Jumba likavuma.

"Nikilipuliza, Bondeni watakimbia. Kuna waliobaki kule na wagonjwa, kuna wajawazito. Watakimbia na kukanyagana, nao maji hayapo. Na wakishajua kwamba nililipuliza ili nionekane, siku yatakapokuja maji watauliza kwanza, ni maji au ni Sikudhani anataka kusifiwa? Atakayesimama kuuliza swali hilo atazama."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya baragumu ili nipulize mimi, nchi nzima ikimbie kama inakimbia, liwalo na liwe. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikumtarajia nazo. "Si lako, kaka," akaniambia taratibu. "Wala si langu." Akalichukua, akalifunika tena kwa kanga.

Hiyo ndiyo kazi niliyoiona ikifanyika Ketini kubwa kuliko ya siku ya mafuriko, nayo ilifanyika katikati ya Jumba, mbele ya macho yao wote, na hakuna aliyeiona. Waliandika kwamba aliombwa athibitishe akashindwa.

Nishani ikaletwa, duara la shaba lenye utepe wa manjano. Mheshimiwa akaivisha shingoni mwa kuku kwa mikono miwili. Makofi yakalipuka. Na katikati ya makofi yale nikasikia sauti ndogo, kali, na kumbe Sikudhani aliisikia kabla yangu, maana nilimwona anainua kichwa. Chini ya bawa jeusi ulichungulia mdomo wa manjano. Kisha mwingine. Kuku alikuwa ameangua.

Hakuna aliyemfundisha kuku sheria za Ketini. Aliwakusanya wanawe, akashuka mezani, utepe ukiburuta, na vifaranga wakaanguka mmoja mmoja juu ya zulia wakamfuata. Akapita katikati ya mabwana wa bitana tatu akikokoreka, akafika mlangoni, watu wa Bondeni wakampisha, akatoka na Nishani yake kwenda kuparura matopeni.

Bwana Shebe, kwa mazoea tu, akaweka kiganja juu ya kiti. Akafumba macho. Akayafumbua. "Kinapoa, Mheshimiwa."

Sijapata kuona hofu kama ile. Maji yalipofunika Bondeni hawakuinuka vile. Mlinzi wa Mwambisi ameondoka! Kiti cha mlinzi kinapoa! Watu wakaanza kusukumana kila mmoja akimtaka mwenzake akikalie, lakini kila mmoja alikuwa na chake cha kulinda. Mwishowe macho yote, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa paa, yakamgeukia Sikudhani.

"Bibi," Mheshimiwa akasema, na upole ulikuwa umemtoka, "keti."

"Nikiketi?"

"Cheo ni chako. Nyumba ni yako, mama yako hataguswa. Tutatamka jina lako kila asubuhi na kila alasiri. Keti tu, upesi, hapahapa."

Nilimtazama akitazama kiti. Jina lake lilikuwa limechongwa juu ya egemeo, na kwenye herufi palikuwa na kinyesi cha kuku kilichokauka. Nakiri nilitaka akae. Nilikuwa nimechoka kwa niaba yake.

"Na mto nani atautazama?"

"Mlinzi," wakajibu wote, wakikionyesha kiti.

"Kutoka hapa?"

Hakuna aliyeielewa hoja. Sikudhani akatumia ncha ya kanga yake kulifuta jina lile mpaka likasomeka. Kisha akageuka, akatembea njia ileile aliyotembea kuku. Nyuma yake nilisikia kiganja kikiwekwa juu ya ubao, na sauti ya Bwana Shebe, safari hii ikikwama kidogo, ikisema, "Hayupo."

Nje alilia. Alilia amesimama, bila kujificha uso, na Mwanakombo akamshika mabega akamwambia, "Lia, mwanangu, halafu twende. Mawingu yale siyapendi." Akapanda naye mlima, na mwili wake ule, akipumzika kila kona na kuwatukana wakuu wa Ketini mmoja mmoja kwa majina.

Amri ya kuwatoa gengeni ilipitishwa jioni ileile. Haijatekelezwa hadi leo ninapoandika, wala haitatekelezwa, kwa kuwa wa kuitekeleza ingembidi ainuke kitini. Nchi ileile isiyoweza kumwona haiwezi kumfukuza. Lakini msomaji asinipongeze kwa hilo. Mshahara wa Sikudhani ulikatwa. Kiti chake walikipa mfuko wa mchanga unaopashwa jikoni kila asubuhi, na mfuko huo ndio Mlinzi wa Mwambisi. Nao wakuu wanalala usingizi mzuri, maana wanajua, ingawa hawatasema, kwamba yule mwanamke hatauacha mto. Nchi nzima imekalia jambo hilo moja. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema kwetu. Punda wa kweli angeona haya.

Nilikaa siku zangu za mwisho Bondeni, nikiwasaidia kufukua tope. Unga wa Sikudhani ulikuwa unachangwa pale, nyumba kwa nyumba, na kila wiki mmoja wao alipanda nao gengeni. Kwa hiyo wote walikuwa wameshamwona, na kujua kwamba anapenda mihogo iliyoungua kidogo.

Nilikuwa jikoni kwa Mwanakombo baragumu lilipolia. Hakuna aliyeuliza. Mwanakombo akamwaga moto, nami nikamweka mjukuu wake mgongoni, tukatoka mbio. Kila mlango uliofunguka ulitoa watu, na wote walikuwa wakipiga ukelele mmoja kuwaita walio nyuma. Zamani, waliniambia, walikuwa wakipiga kelele, "Maji! Maji!" Sasa, kutoka kibanda cha kwanza hadi cha mwisho, wazee na watoto walikuwa wanaita, "Sikudhani! Sikudhani yuko! Kimbieni!"

Nami nikaliita jina hilo kwa sauti yangu yote, nikipita chini ya kuta za Jumba la Viti, ambako walikuwa wamekaa.